Kilima Kisichotoa Jasho

Ilinipasa kukataa. Mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu, alikuwa ameketi kwetu Msasani, hii ya Tukuyu, chai ikifuka mvuke usoni mwake, akasema huku anacheka, "Mkwe, nasikia huko Tanga mnakimbia. Kesho twende mbio hadi Kawetele, kule juu kilimani, na kurudi, tuyaone mapafu ya pwani."

"Kesho mbali," nikajibu. "Isingekuwa giza, ningekukimbiza leo leo."

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Tulikuwa hatujamaliza hata wiki Tukuyu, na kupanda tu kutoka sokoni kulinihemesha kama niliyebeba gunia. Mwanetu alikuwa ametuambia wazi: huku juu hewa ni nyepesi, tembeeni kwanza, mbio baadaye. Mke wangu alisikia. Mimi pia nilisikia, nikaona hayo ni maneno ya kuwaambia wazee. Nami nilikuwa nimeshatimiza miaka sabini.

Niseme mbio zilikuwa nini kwetu. Tanga, kila siku baada ya swala ya alfajiri, mimi na mke wangu tulikimbia pamoja, polepole, yeye kajifunga kanga juu ya suruali. Nyumba yetu haikukosa wageni wala wajukuu. Barabarani tu ndiko tulikokuwa wawili. Aliongea njia nzima. Habari nyingi za watoto wangu mwenyewe nilizipata nikikimbia. Tulipohamia huku kwa mwanetu, mke wangu alitaka jambo moja tu: tuzoee baridi, tuzoee hewa, kisha tuendelee.

Asubuhi mkwe alikuja amevaa mabuti ya mpira. Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Hayo ni ya kukimbilia au ya kulimia?"

"Yote mawili, mkwe. Hayajawahi kulalamika."

Tukaondoka, mke wangu akitufuata kwa kutembea. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mkwe hajui kumpita mtu. Akitokea mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, lazima asimame, ainame kidogo, aulize alivyolala, aulize watoto, aulize ng'ombe, mpaka apewe "ndaga", yaani asante, naye arudishe yake. Mke wangu alipendezwa, akawa anasimama naye na kujifunza salamu za Kinyakyusa. Mimi nilipunga mkono nikapita.

"Mkwe! Hizi ni mbio au ni harusi?"

"Tangulia! Mama huyu anauliza habari za wageni wangu. Nimwambie nini, kwamba wamekimbia?"

Yule mama akacheka mpaka akaushika mkungu kwa mikono miwili.

Nikatangulia. Kosa langu lilikuwa la mtu wa pwani. Kule nilipima uchovu kwa jasho: shati likilowa mgongoni, napunguza mwendo. Huku upepo wa baridi ulininyima kipimo changu. Nilijipapasa kifuani, kukavu. Mgongoni, kukavu. Basi sijachoka, nikasema, nikaongeza kasi. Moyo ulinidunda hadi kwenye meno, lakini nani anausikiliza moyo wakati shati ni kavu?

Kichwa kikawa chepesi. Masikio yakavuma, migomba ikaanza kucheza ngoma. Nikacheka peke yangu, kwa furaha ambayo sijui ilitoka wapi. Watoto waliokuwa wakienda shule wakanifuata.

"Babu, nani anakufukuza?"

"Mkwe!"

Wakageuka kutazama, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Tukacheka wote, mimi nikiwa nimeinama, nimeshika magoti.

Nilifika Kawetele wa kwanza. Niliutazama Mlima Rungwe, nikauona miwili, nikaipungia yote mkono. Ningeketi pale. Badala yake niligeuka niteremke mbio, niwakute bado wanapanda, niwacheke.

Nikawaona chini yangu. Mke wangu na mkwe wanakuja bega kwa bega, wanatembea kidogo, wanakimbia kidogo, wanazungumza, wala hawahemi. Nikainua mikono kama mshindi. Mbele yangu palikuwa na mfereji wa maji ya mvua. Nikauruka, au tuseme kiwiliwili kiliruka na miguu ikabaki. Goti la kulia likapinda upande ambao goti halipindi.

Nilikuwa bado nacheka nilipotua matopeni. Mke wangu alicheka. Mkwe alipiga makofi: "Mshindi amelala!" Kisha mke wangu akautazama mguu wangu, akamwambia mkwe atafute bodaboda.

Nilirudishwa kwa bodaboda, nimebanwa kati ya dereva na mkwe. Hata hapo mkwe alimsimamisha dereva ili amjulie hali mzee mmoja, nami niliona ni jambo la kuchekesha kuliko yote duniani.

Kano la goti lilikatika, na kwa umri wangu halikuunga sawasawa. Natembea kwa fimbo, sikimbii tena. Mke wangu aliizoea hewa taratibu, kama alivyoambiwa, na sasa kila asubuhi hukimbia na wanawake wa jirani. Nawasikia wakicheka kabla hawajaikata kona. Akirudi hunipa habari mbili tatu, kwa ufupi, maana nyingine ameshazisema njiani. Mchana nyumba hujaa watu. Ile saa yetu ya kuwa wawili tu imekwisha, na niliyeimaliza ni mimi.