Kidonda Yangu Inapona

Jirani yangu wa ghorofa ya chini huchoma pilipili hoho juu ya moto wa jiko, na ile harufu ya ngozi inayoungua ikinifikia mimi hukasirika kabla sijajua nimekasirikia nini. Kisha namkumbuka Papa Doru, na hasira inapata mwenyewe.

Aliishi nyumba iliyopakana na yetu, mtaa wa Granville, Sydney, nilipokuwa na miaka kama tisa. Kwao Romania alikuwa mshairi mwenye vitabu viwili vyembamba na mhariri wa jarida la fasihi. Huku alifanya kazi katika kiwanda cha madirisha hadi mguu ukamharibikia, na jioni zake zote zilikwenda gereji, akihariri jarida dogo la Kiromania kwa wenzake, waliokuwa wakipungua msiba baada ya msiba. Penseli yake nyekundu haikujua kupumzika. Alisahihisha hata vikaratasi vya matangazo ya supamaketi, na ukimkuta amenuna, ujue ameona koma mahali pasipo pake.

Mama yangu alilipwa kumhudumia: kumwogesha, kumpikia, kumfulia. Nikitoka shule nilimngojea humo humo. Mama, mtu wa Uvira, Kongo, aliniita kwa Kiswahili chetu, "Furaha, kuya kula, chakula inapoa," nami nikajibu kwa Kiingereza kama watoto wote niliowajua. Papa Doru hakuvumilia. Kwa Kiingereza chake kizito akatangaza kwamba ndani ya nyumba yake mama atajibiwa kwa lugha aliyoitia. Nilimwona mkorofi, lakini nikaanza kujibu, na Mama akafunguka. Akanisimulia ziwa, shangazi zake wagomvi, na jinsi baba alivyokuja kuposa akiwa na suruali ya kuazima. Sijawahi kucheka vile tena.

Nesi wa kidonda cha mguu alikuwa Mkenya, Sista Wanjiru. Mzee aliwaomba yeye na Mama waongee Kiswahili mbele yake, apate kusikiliza tu.

"Kidonda chake kinapona vizuri," Sista alisema siku moja.

"Ndiyo, kidonda yake inapona," Mama akajibu.

Masikio ya mhariri yakasimama. Akauliza mbona mmoja anasema hivi na mwingine vile. Sista, bila ubaya wowote, akamweleza jinsi maneno yanavyofuatana, kidonda, chake, kinapona, na mzee akafurahi kama mtoto kwamba kuna lugha inayojipangia vina yenyewe. Halafu akamgeukia Mama, na kwa sauti ile ya kazini akamwambia kwamba, basi, mwenye kosa ni yeye.

Mama alicheka, akaendelea kukamua kitambaa.

Jioni ile aliniita mezani: "Furaha, you eat now."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Kiingereza chake kilitosha kwa chakula, kuoga na shule, basi. Wale shangazi wagomvi wakanyamaza. Hata kunigombeza alishindwa. Alinikazia macho, akatafuta maneno, akaacha. Mtaniona wa ajabu, lakini nilitamani kugombezwa.

Wiki kadhaa zikapita. Papa Doru alikuwa uani akichoma na kumenya hoho zake za kuweka kwenye chupa nilipomfuata na kumwambia kwamba amemaliza maneno ya mama yangu. Aliacha kumenya. Akanieleza, bila kunitazama, kwamba shairi lake la kwanza lilikuwa sauti ya mama yake, mwanamke wa kijijini, kwa maneno yale yale ya mama huyo. Mhariri wa mjini akalinyoosha lote, naye akakubali kwa sababu alitaka kuona jina lake limechapwa. Alipomsomea mama yake, yule mama alimuuliza huyo anayesema ni mama wa nani. Tangu hapo alijaribu kulirudisha na hakuweza. Kila akisikiliza, anasikia lile lililosahihishwa.

Jumapili akaja kwetu akichechemea, na sahani ya hoho mkononi. Alikuwa amejifunza sentensi moja.

"Mama Furaha," alisema taratibu. "Kidonda yangu inapona."

Mama alipokea sahani. Akamjibu kwa uangalifu mkubwa: "Kidonda chako kinapona, Papa."

Mimi nilicheka. Nilidhani Mama ameshinda. Mzee alibaki mlangoni, mikono mitupu, kana kwamba ndiye aliyepigwa. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa amekuja kurudisha kitu, akakuta kimeshahama.

Jarida lake lilikufa, naye akafuata. Mimi ni mkalimani, nasifiwa kwa Kiswahili sanifu. Mama anaishi Penrith, na tukiongea hunyoosha kila sentensi, polepole, kama anayefanyiwa mtihani. Nimemwambia aache. Hujibu, "Nimekuelewa, mwanangu," na matamshi yake hayana dosari. Inanichosha, siwezi kuwaficha.

Juzi nilimchukua mwanangu kwa bibi yake. Tulikuwa tumeshafika barabara kuu alipolalamika kutoka kiti cha nyuma:

"Mama, kiatu yangu imebaki kwa Bibi."

Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Kiswahili hicho hakukipata kwangu. Kumbe Mama hakupoteza kitu. Nisipokuwepo anaongea, anasimulia, pengine hata anagomba. Ananificha mimi tu.

Nikageuza gari.

"Haya," nikamwambia. "Turudi tuichukue hiyo kiatu yako."