Maji Yatajaa

Siku hizi daraja la Garsen unalivuka kabla hujamaliza kufunga dirisha la basi. Nilipita hapo mwaka jana nikienda mazishini, na kijana niliyekaa naye hakuinua hata macho kuutazama mto Tana. Simlaumu. Hakuujua wakati ambapo hapakuwa na daraja, ila kivuko cha mbao kilichovutwa kwa kamba kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Mkuu wa wavutaji wa kamba hiyo alikuwa mjomba wangu, na waliomfahamu tumebaki wachache sana. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari zake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nililelewa na nyanya, mama yake mjomba, katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko chini, upande wa Kilelengwani. Shule ikifungwa nilipelekwa Garsen kwa mke wa mjomba, kumsaidia kutwanga na kuchota maji. Naikumbuka Garsen ile kwa harufu: maziwa yaliyofukizwa moshi ambayo wanawake wa Kiorma waliyaleta asubuhi, kamba iliyolowa, ng'ombe waliosongamana ukingoni wakingoja kuvuka.

Mjomba alikuwa amepigana Vita vya Pili vya Dunia, huko Bama, ambako wengine huita Burma. Ya vita hakuyasimulia, ila jambo moja tu: kwamba huko jioni askari wa kila kabila waliketi mbele ya kipaza sauti kimoja wakasikia habari za kwao. Aliporudi alikuta Garsen ina redio mbili, moja ya afisa na moja ya mwenye duka, na kila moja ikisema ndani ya kuta zake. Jambo hilo lilimkera kama mwiba kwenye unyayo. Akaanza kudai redio ya wote. Sanduku liwekwe mahali pa wazi, litangaze habari za mvua, za malisho, za bei ya ng'ombe, na zaidi ya yote habari za mto. Maji yakipanda kule Madogo, juu mtoni, huchukua siku kadhaa kutufikia sisi wa chini. "Siku hizo ni zetu," alikuwa akisema, "na sisi tunazilala."

Hakuwa na baraza la kusemea, ila alikuwa na kivuko. Mkifika katikati ya mto aliiachia kamba, akageuka, akaanza. Mtakwenda wapi? Siku moja mchungaji mmoja aliyekuwa na ndama wake alichoka.

"Mzee, vuta bwana! Huyu ndama atakuwa fahali tukikusikiliza."

"Ungekuwa na redio," mjomba akamjibu, "ungejua bei ya Mombasa, ukamuuza huyo ndama kwa bei ya fahali."

Watu wakaangua kicheko, kamba ikavutwa. Lakini abiria akiwa afisa hakuna aliyecheka. Mjomba alivua kofia na kusema maneno yale yale, polepole, kwa heshima. Wengine walimwambia wewe vuta tu. Wengine waliahidi, wakahamishwa. Yeye akaendelea, mwaka baada ya mwaka.

Hatimaye akaja afisa wa matangazo aliyemsikiliza mpaka mwisho. Siku hiyo nilikuwa kivukoni, nimekalia gunia la mahindi. Afisa alikubali sanduku, alikubali na habari za mto kutoka Madogo. Mjomba akabakiza ombi moja, kwamba anayezisoma habari hizo awe mtu wa mto.

"Msomaji tunaye Mombasa," afisa akasema. "Kiswahili chake ni safi."

"Ni safi, bwana. Lakini sisi tuna namna yetu ya kusema."

"Kiswahili ni Kiswahili."

Mjomba akaishika kamba. "Haya. Tuanze na hicho."

Sanduku liliwekwa kijijini kwetu, kwenye baraza ya duka, kwa kuwa sisi ndio tulioumizwa zaidi na mto. Jioni ya kwanza nyanya alijifunga leso yake ya arusi. Msomaji alipotusalimia, akaitikia kwa sauti: "Hatujambo, baba!" Akangoja. Sauti ikaendelea na mambo mengine. "Huyu naye," nyanya akasema, "hata hakungoja kuulizwa za kwao." Tulicheka hadi tukakosa habari zenyewe. Tangu hapo kila jioni wanawake walikuja na miyaa yao, wakasuka mikeka wakisikiliza. Mjomba akija kututembelea aliketi nyuma kabisa, akitutazama sisi, si sanduku.

Sasa nikueleze neno. Kwetu bahari haiko mbali. Bahari ikijaa, huusukuma mto urudi nyuma, na maji matamu hupanda hadi kwenye vinywa vya mifereji ya mpunga. Hapo wanawake hubomoa udongo unaoziba mfereji, mpunga ukanywa, kisha wakaziba tena. Kwa hiyo kwetu "maji yamejaa" lilikuwa neno la heri. Uliposikia linaitwa shambani, ulichukua jembe ukakimbia. Mto unapovunja kingo na kumeza mashamba, hilo tulilisema kwa neno jingine. Tulisema mto umetoka.

Mwaka ule mvua ilitukataa. Mpunga ulikuwa unaanza kutoa masuke na ardhi imepasuka. Jioni moja sauti ya Mombasa ikasema: "Wakazi wa Tana ya chini wanaarifiwa kwamba maji yatajaa kuanzia Ijumaa."

Vigelegele vilipigwa pale dukani. Nyanya peke yake alitoka akautazama mwezi. Bahari huenda na mwezi, na ule haukuwa mwezi wa maji makubwa. Nilimsikia akisema, "Bado." Jirani akamuuliza, "Mama, utabishana na redio ya mwanao?" Nyanya akatabasamu. Alikuwa anajivunia mwanawe. "La," akasema, "labda wao bahari wanaiona vizuri zaidi."

Ijumaa asubuhi tulibomoa vinywa vyote vya mifereji. Wa kwetu aliubomoa nyanya mwenyewe, akiimba. Kabla ya adhuhuri maji yakaja, lakini hayakutoka upande wa bahari. Yalikuja mekundu kutoka juu, na miti mizima, na mizoga ya mbuzi, yakaingia kwenye milango tuliyoyafungulia. Kumbe alichosema msomaji ni kwamba mto utatoka. Tungekuwa tumeziba na kuongeza udongo, huenda nusu ya mpunga ingepona. Haikupona hata tuta moja.

Huko Garsen, kama mkewe alivyokuja kunieleza baadaye, mjomba alikuwa amelisikia tangazo lile lile kwenye redio ya duka. Alishinda kutwa akiwaambia abiria, "Mmesikia? Wametaja mto wetu!" Alishuka kwa mtumbwi kuja kufurahi nasi. Alitukuta juu ya kichuguu.

Njaa ya mwaka ule sitaisimulia. Walioweza walikwenda kwa ndugu zao Ngao, wengine Kipini. Afisa aliporudi, watu walitaka sanduku litupwe mtoni. Mjomba akasimama mbele yao. "Msilifukuze," akasema. "Tudai mtu wetu ndiye alisemee. Mkiliacha liende, hatutasikilizwa tena."

Kisha nyanya akasema bila hasira, "Mwanangu, sisi hatukuliamini sanduku. Tulikuamini wewe."

Mjomba akakaa chini.

Sanduku lilipandishwa Garsen, likavushwa kwenda kwenye gari la afisa, na mjomba ndiye aliyevuta kamba. Nilikuwemo. Katikati ya mto wavutaji wenzake walipunguza mwendo, kwa mazoea, wakimngoja aanze. Yeye alivuta tu. Hakuianza tena hotuba yake, siku hiyo wala miaka iliyobaki ya kazi yake. Nyanya hakupanda mpunga tena. Mifereji ile imeota magugu, na wanaojua kuusoma mwezi kwa ajili ya shamba sijui kama wapo.

Mjomba alikufa kabla hakijapatikana hata kituo kimoja kinachosema kama watu wa mto. Maneno yake ninayo, kama ulivyoona. Lakini kuna usiku najaribu kuikumbuka sauti yenyewe, ilikuwa nzito au nyembamba, ilikwama wapi alipopumua, na siipati. Mtu aliyetaka wote wasikike, hakuna popote duniani ambapo unaweza kumsikia.