Bega kwenye Nguzo

Hakuna nguzo ya chuma inayosimama wima kabisa, na mimi mhandisi nilichoka kuwaeleza watu hivyo. Ndiyo maana, ofisini Jinja, nililisukuma ghala la kujengwa Mbale ndani ya kompyuta kwa nguvu ndogo ya kubuni, kisha nikaiacha kompyuta ipige hesabu upya, kwa kuwa uzito hukiinamisha zaidi kilichokwisha kuinama. Kwenye skrini ghala lililala pembeni polepole, kama mtu anayesinzia kanisani.

Mwenye ghala, askari mstaafu, alichungulia.

“Bwana, mimi sikuagiza ghala lililolewa.”

Nilimweleza kwamba picha inatia chumvi. 

Ghala lilipokwisha kujengwa nilimkuta ndani peke yake, amefumba macho, bega kwenye nguzo, anasukuma.

“Afande, vipi?”

“Napiga hesabu yako.”

Nikaweka bega langu kando ya lake.