Kikombe kwa Mkono wa Kushoto

Mie nikikasirika sinyamazi, na kwa jambo hili hasira haijanitoka mpaka leo. Wale wachache wa hapa Maskati wanaomkumbuka Omondi, wakimtaja husema, ah, yule Mkenya aliyeharibu tangazo la Mzee Hamdan. Uongo. Nilikuwepo, nimekaa meza ya pili kutoka yake, na masikio yangu mazima.

Wacha nianze na mtu mwenyewe, maana hata huyo hawamjui. Omondi alikuwa mtu wa Kisumu, mrefu, mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alianza kazi kwa kuchora kuta za maduka huko kwao. Kisha akenda Nairobi akajifunza katuni za kompyuta, na mwaka 1999 akaja Maskati kufanya kazi katika studio yetu ya Azaiba, juu ya duka la mapazia. Tulikuwa tukitengeneza katuni za matangazo, ya sabuni, ya maziwa, ya benki, na mara moja moja filamu fupi ya kuwafundisha watoto kuvuka barabara. Mie nilikuwa mtia rangi na mpangaji wa kazi. Omondi ndiye aliyekuwa akizifanya picha zitembee.

Na alivyokuwa akizitembeza, utacheka. Hachori mtu akiinuka kitini mpaka kwanza ainuke mwenyewe. Ataweka kioo mbele yake, akae, ainuke, akae tena, anatazama goti linatangulia au bega. Kuna siku alikuwa na katuni ya mbuzi anayeruka, akaruka yeye asubuhi nzima, mpaka mwenye duka la mapazia akamtuma mtu juu kuuliza kama tunavunja nyumba. Omondi akamwomba radhi yule mtu, kisha akamuuliza kama aliwahi kufuga mbuzi.

Kiswahili tulikuwa tukisema kutwa, chake na changu. Yeye anasema "hiyo kitu", mie namwambia, "Kitu hicho, Omondi. Au adabu za lugha umeziacha uwanja wa ndege?" Naye ananijibu, "Dada Kheiria, nyinyi mkiongea ni kama mnaimba kwa harusi. Sisi tunataka tu kuitisha maji ya kunywa." Ijumaa, siku ya mapumziko hapa kwetu, anakwenda kanisani Ruwi, Jumamosi anarudi kazini na chapati alizopika rafiki yake Fidel, anatugawia. Mjomba wangu Thabit alimpenda kuliko watoto wake mwenyewe, na hakuona haya kusema.

Mwenye studio alikuwa Aflah. Sasa huyu Aflah, nisikilizeni, ni mtoto wa Kizanzibari kama mie. Mama yake, Bi Sayyida, alikuwa akinipigia simu ofisini: "Kheiria mwanangu, mwambie huyo asile vya madukani, nimempikia pweza wa nazi." Nikimpa Aflah simu, mama anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiarabu. Kasoma nje, kafungua studio, akaona Kiswahili kitamshusha mbele ya wateja. Kwa Omondi alikuwa akisema Kiingereza, kwangu Kiarabu. Wako wengi wa namna yake mjini hapa. Mtu kusema Kiarabu hakunikeri, na mie nnakisema, ni lugha yangu pia. Linalonikera ni mtu kumkana mama yake akiwa bado anakula chakula chake.

Omondi alikuwa na haja moja tu duniani, kumleta mkewe Priscah na binti yao Maryanne. Miaka sita alikuwa akiwaona likizo kwa likizo, na kila akirudi anatuonesha picha, mtoto kazidi kurefuka. Mwaka 2005 mambo yakakaribia. Nyumba kashapata, nyuma ya barabara kuu hapo hapo Azaiba. Priscah kashaacha kazi yake ya uuguzi, makochi kauza. Lililobaki ni Aflah, aliye mdhamini wake, kuweka saini ili familia ipate ukaazi. Aflah akasema, "Tukimaliza kazi ya Mzee Hamdan nitakuwekea." Basi Omondi akaikamata kazi ya Mzee Hamdan kwa meno.

Mzee Hamdan ni mfanyabiashara wa halwa na kahawa, duka lake Matrah, mtu anayeheshimika. Alitaka katuni ya tangazo, ya kuoneshwa kwenye skrini kubwa ya barabarani na kwenye mtandao, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Mgeni anaingia, mzee wa nyumba anamkaribisha, anammiminia kahawa, halwa inafunuliwa, jina la duka linatokea pembeni. Omondi akaniomba nimlete Mjomba Thabit. Tukamkalisha mbele ya kamera, akamimina kahawa mpaka dele, birika lenyewe la kahawa, likakauka, tukachemsha nyingine. Dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, kama inavyotolewa nchi hii tangu enzi. Omondi akakichora kila kiungo cha ule mkono. Ilipomalizika ile ya Kiingereza, mjomba aliitazama, akasema, "Huyu ni mie, ila mie mzuri zaidi."

Ikaja ya Kiarabu. Hapo ndipo shughuli. Kiarabu husomwa kuanzia kulia, na Mzee Hamdan alitaka jina lake lianzie kulia, na upande wa kulia ndiko alikokaa mzee wa katuni. Kuyapanga upya yale maandishi na mtu kulitaka wiki nzima, nasi wiki hiyo hatuna, Aflah kashaahidi. Siku hiyo Saeed, mtumishi wa Mzee Hamdan, alikuja kutazama kazi imefika wapi. Saeed ni mtu wa bara ya huku, Kiswahili hajui hata salamu. Aflah akasimama nyuma ya kiti cha Omondi, anamchekea Saeed, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ofisini akafungua mdomo kwa Kiswahili, taratibu, ili Saeed asifahamu.

"Igeuze yote," alisema. "Kulia iwe kushoto, kama kwenye kioo. Tumalize."

Omondi akageuka. "Bosi, na mkono? Huyu mzee atapeana kikombe na mkono wa kushoto."

"Nani atatazama mkono? Geuza, na huyu asijue."

Mie nikamwambia, kwa Kiswahili vile vile, "Aflah, hii ni aibu, utamtia mzee wa watu katika midomo." Akanijibu kwa Kiarabu nishike rangi zangu. Kisha akamwambia Saeed kuwa kila kitu kimechorwa upya kwa ajili ya Kiarabu, kwa ikhlasi kabisa. Saeed akafurahi. Omondi akabonyeza, picha yote ikageuka. Saini iko mikononi mwa nani? Angefanya nini?

Tangazo likatoka. Sijui niwaelezeje msiokuwa wa huku. Kwetu mtu akikunyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto amekwambia hana haja nawe. Na hapa mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe anaunyooshea mji mzima, juu ya skrini, asubuhi na jioni. Watu wakampitia Mzee Hamdan dukani, wakamuuliza, "Vipi, umechoka na wateja?" Wengine walifanya mzaha, wengine hawakuwa na mzaha. Mzee akapiga simu studio, na sauti yake tuliisikia sote.

Aflah hakuvuta hata pumzi. Akamwambia kwa Kiarabu, "Ni yule Mkenya. Kafanya kwa akili yake bila kuniuliza. Mgeni, Mkristo, adabu zetu atazijulia wapi?"

Damu ilinichemka, wallahi. Omondi alikuwa pale pale, na Kiarabu cha kazini anakijua. Alinyanyuka, akenda kusimama dirishani. Baadaye akaja mezani kwangu, akasema polepole, "Dada, nikisema mimi, ni Mkenya anajitetea. Ukisema wewe, itasikika. Lakini sikulazimishi, nawe una kazi yako." Nikamwambia mie silazimishwi na mtu, nimeshavaa viatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na Omondi mnyonge hakuwa, ila walitaka awe.

Tukaitwa Matrah, kwenye majlisi ya Mzee Hamdan, chumba chake cha wageni juu ya duka. Aflah na kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Omondi kakaa karibu na mlango. Saeed anagawa kahawa. Mzee Hamdan akangoja mpaka kila mtu kapokea. Aflah akaanza hadithi yake ya Mkenya, kaipamba. Alipomaliza nikasema, kwa Kiarabu wote wafahamu, kuwa Aflah ndiye aliyetoa amri, na aliitoa kwa Kiswahili ili Saeed asisikie.

Saeed akasema kweli, siku ile walizungumza maneno fulani, yeye hakuyafahamu.

Aflah akacheka. "Kiswahili? Mimi? Neno moja silijui. Huyu mwanamke ana urafiki na Mkenya, anamtetea." Na akanitupia jicho, unajua jicho gani, la kumchafua mwanamke mbele ya wazee. Nikakamata kikombe changu kwa nguvu nisije nikamrushia.

Mzee Hamdan, nikwambieni, katika ujana wake alikuwa na duka Unguja, Darajani. Hilo mie nililijua, Aflah hakulijua, kwani hajali kuujua mji wake. Mzee akanywa fundo lake la mwisho, akatikisa kikombe kumwonesha Saeed kuwa ametosheka, na huku anatazama kwengine kabisa akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, "Aflah, kahawa imekumwagikia hapo kifuani."

Aflah akainama kuitazama kanzu yake.

Haikuwa na tone. Alipoinua uso, sote tulikuwa tunamtazama. Mzee Hamdan alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Mwanangu, mama yako nnamjua tangu msichana." Saeed, aliyekuwa hajafahamu kitu, akafasiriwa, naye akacheka. Hata Omondi alitabasamu. Mie sikucheka, hasira zilikuwa bado ziko juu, lakini nikaona basi, haki imesimama.

Mzee akasema tangazo lichorwe upya, kwa mkono wa heshima, na yeye atangoja. Alipotusindikiza mlangoni nikabaki nyuma, nikamwambia, "Mzee, na Omondi je? Ana mke na mtoto wanangoja." Akanipigapiga begani kwa upole. "Mwanangu, Omondi ni mtu wa Aflah. Mie mambo ya wafanyakazi wa watu siyaingii. Mie nna halwa yangu." Na alikuwa mtu mwema huyo, nakula yamini. Ndio maana roho inaniuma zaidi.

Tukachora upya. Omondi alifanya kazi kama hakuna kilichotokea, na mie nikapaka rangi. Likatoka tangazo, wala katika miaka yangu yote sijaona katuni nzuri kama ile. Watu walikuwa wakisimamisha gari kulitazama. Mzee Hamdan akatuletea halwa sinia nzima. Aflah akaipokea, akampa kila mtu kipande. Omondi akamwuliza kwa Kiingereza, kwa adabu zake zote, habari ya ile saini. Aflah akamwambia kesho.

Kesho yake akatuita sote chumba cha mbele, wachoraji, msafishaji, wa hesabu, mie, Omondi. Akasimama mbele yetu akasema kwa Kiswahili.

Kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, hamfichi mtu. Kile Kiswahili cha Unguja cha Bi Sayyida, laini, kila neno mahala pake. "Omondi, ndugu yangu, umetutumikia kwa wema, nasi sote tunakushukuru. Lakini kila jambo lina ukomo wake. Tiketi yako ni ya Ijumaa. Kama kuna lolote tulilokukosea, basi tuwie radhi."

Omondi alikuwa kama mtu aliyesahau mikono yake aiweke wapi. "Bosi," akasema, "na Priscah? Ameshaacha kazi. Ameuza hadi viti vya nyumba."

"Mungu atamfungulia mlango mwengine, inshallah."

Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, ya sokoni na ya majumbani. Hakuna lililonipata kama ile inshallah. Ningemsamehe hata kama angepiga makelele. Lakini alikaa akachagua maneno, akayatafuta yale yale tunayowapokelea wageni na kuwazikia wafu wetu, akamfukuzia mtu.

Nikasimama. "Aflah, mwambie kwa Kiarabu," nikasema. "Miaka yote unaionea haya lugha hii. Mama yako anakupigia simu hutaki hata kumjibu kwayo. Na leo ndiyo unaitoa, kwa mambo haya? Usiitie lugha ya mama zetu katika uchafu huu. Mwambie kwa Kiarabu, au kwa Kiingereza, au mwandikie, lakini hayo usiyaseme kwa lugha yetu."

"Wacha, dada," Omondi akaninong'oneza. "Wacha tu."

Uso wa Aflah haukubadilika. Kisha akanisikiliza nilivyotaka, akanijibu kwa Kiarabu. "Wa inti ba'd," akasema. Na wewe vile vile. Na kazi yangu ikaishia hapo.