Mama Ameonja

Olga alikuwa na uso wa kuaminika, na uso huo ndio uliomponza. Nalisema mapema msije mkaanza kumtafutia dhambi. Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, wameshamtafutia za kutosha, na midomo yao haijachoka hadi leo.

Alifika kambini kutoka Bukavu mwaka 2003, mgongoni amebeba mtoto wa marehemu dada yake, Gabriella, ambaye hakuwa hata ameanza kusimama. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa, kwa hiyo mtoto alikuwa huyo huyo, wa kwanza na wa mwisho. Akaanza kupika uji wa mahindi na soya, ule ambao watu wa kwetu huuita buyi, akawa anauza asubuhi karibu na soko. Na uji wenyewe, jamani! Laini, hauna donge, ndimu imo. Hata wakulima wa Kimalawi waliopita na nyanya zao kutoka Madisi waliegesha baiskeli na kusema zikomo, asante ya kwao, kabla kikombe hakijaisha.

Kabla ya kumpa mtu kikombe, alikionja kwanza mbele yake. Ni desturi ya kwetu Kivu: anayekaribisha huonja, mgeni akaona hakuna kitu. Sisi tumekua tukitishwa na karuho, ile sumu inayotiwa kinywajini kimyakimya, basi kuonja kwetu ni kiapo. Gabriella naye alizoea hivyo. Hagusi uji wake mpaka amwone Olga analamba midomo, ndipo anapiga makofi na kupaza sauti: "Mama ameonja!" Kisha anakunywa mpaka kikombe kinamfunika pua.

Ndipo mwaka 2009 akatokea Norbert na mchezo wake. Norbert alikuwa mwalimu wa fasihi huko Bukavu, mtu wa miwani na maneno mengi, na kambini watu wote walimwita Prof. Vitabu vyake aliviacha vitani, lakini kichwani alikuwa na mikasa ya kale chungu nzima. Akakusanya watu wa kanisani wauigize mmoja: malkia amekimbiwa na mumewe, maadui wako mlangoni, watoto wake wawili watachukuliwa utumwa. Malkia anaona heri wafe mikononi mwake. Anawapa sumu.

"Huyu hapana muchawi," Norbert aliwaambia. "Ni mama. Mutu mubaya akianguka, tunasema Mungu iko. Mutu muzuri akianguka, njo tunalia. Na ule muzuri haangushwe na ubaya. Anaangushwa na kitu yake ya muzuri yenye ilipita kipimo."

Olga akapewa umalkia. Nani mwingine? Ila pale penye sumu mchezo ulipoa. Wale watoto wawili walipokea vikombe wamekunja nyuso kama wanaopewa dawa ya minyoo. Wakarudia, wakarudia tena, wapi! Olga akafikiri, akasema, "Prof, kwetu mutoto hakunywe kama mama hajaonja. Acha malkia aonje kwanza. Njo batamwamini."

Norbert akashika kichwa kwa mikono miwili. "Olga," akasema, "we utaua batu."

Siku ya mchezo uwanja ulijaa. Olga akainua kikombe, akaonja, akalamba midomo, akatabasamu. "Kunyweni, wanangu," akasema. "Mama ameonja." Wale watoto wakanywa wakicheka. Mwanamke mmoja nyuma akapiga yowe la msibani, la kweli kabisa, na wanaume wazima wakainamisha vichwa. Baadaye wakaitwa mpaka Lilongwe, kwenye ukumbi wa kanisa moja la Area 18, na huko watu walisimama wakapiga makofi huku wanalia.

Lakini siku ile ya kwanza, mbele kabisa kwenye mkeka, alikuwa amekaa Gabriella. Miaka saba. Hakuna aliyemwambia kitakachotokea. Olga alidhani mtoto anajua mchezo ni mchezo. Ee Mungu, kudhani!

Asubuhi yake Olga akamimina uji, akaonja kama kawaida, akanyoosha mkono. Gabriella akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Hakupiga kelele. Alikojoa tu pale aliposimama, macho kwenye midomo ya mama yake.

Mvua zikaja, visima vikachafuka, matumbo yakaharibika mtaa mzima. Olga mwenyewe aliharisha. Lakini mtoto wa Ndayisaba, jirani yake, alipozidiwa, watu hawakukumbuka maji, walikumbuka kikombe.

"Mutu hawezi kuigiza vile kama haiko ndani yake," Ndayisaba alisema, tena kwa sauti, ili asikiwe.

Mtoto akapona. Jina halikupona. Wateja wakahamia kwa mwingine, ambaye uji wake, nasema bila haya, ulikuwa gundi. Watoto wa njiani wakimwona Olga wanaimba, "Mama ameonja! Mama ameonja!" Akijaribu kuonja mbele ya mteja, anajibiwa, "Ata ule malkia alionja." Akiacha kuonja, wanaulizana kwa nini haonji. Sasa afanye nini? Kiapo chake kimoja alikuwa amempa malkia kwa mikono yake mwenyewe, na hakikuwa kinarudi.

Wateja angewavumilia. Aliyemuua ni Gabriella. Mtoto alikula tu kile alichomenya mwenyewe: ndizi, karanga, kiazi cha kuchoma. Akakonda mpaka shingo ikabaki kama ya ndege. Habari zikamfikia Charlotte, shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyekuwa akiuza nguo huko Area 18. Akaja.

"Dada Olga, mi sikuhukumu," Charlotte akasema. "Lakini mutoto anaisha."

Olga akafunga nguo za mtoto kwenye kitenge, akamsindikiza mpaka barabarani. Gabriella alilia njia nzima ameshika sketi yake. Alimpenda, mnaelewa? Alimpenda na kumwogopa kwa moyo huo huo mmoja.

Aliporudi alipitia kwa Norbert. "Prof, uniambie. Mi niko na kosa gani?"

Norbert akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Batu balikuamini, Olga. Njo kosa." Kisha akalia, na Olga ndiye aliyembembeleza.

Miaka iliyofuata malkia hakumtoka. Olga akikoroga sufuria humsikia nyuma yake, anapumua. Akionja, ulimi unahisi uchungu ambao haupo. Na swali moja lilimla taratibu: lile tabasamu la jukwaani alilitoa wapi? Alilijua. Lilikuwa lile lile la kila asubuhi, la kumpa Gabriella. Hakuwa ameigiza. Basi labda Ndayisaba alisema kweli. Labda ilikuwemo.

Mwaka 2016 akina Charlotte wakapata safari ya ng'ambo, na Gabriella pamoja nao. Akaja kuaga, peke yake, kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, msichana mrefu mwenye shingo ya marehemu mama yake. Akaketi kwenye kigoda. "Mama, unipikie buyi."

Olga akapika. Akamimina. Akasimama na kikombe, hajui aonje au asionje, mwisho akakiweka tu mezani. Gabriella akakitazama. Akaitazama midomo ya Olga. Kisha akafumba macho, akanywa wote, wa moto vile vile, mpaka tone la mwisho.

Olga akafurahi mno. Lakini mtoto hakufumbua macho. Alikuwa ameweka mikono tumboni, midomo inacheza, anasali. Anangoja.

"Gabriella," Olga akasema polepole, "ulijua sikutia kitu?"

"Apana, mama. Sikujua." Machozi yakamtoka. "Nilisema, kama iko, basi iko. Siwezi kwenda mbali bila kunywa kwa mukono yako."

Olga akachukua kikombe kitupu, akapitisha kidole ndani, akalamba mabaki mbele ya macho yake. Kisha akaketi, akamshika mkono, wakangoja pamoja mpaka mwenye kabaza alipopiga kengele nje.