Mfereji wa Madebe ya Mawese

Wajukuu wangu hufungua robine na kulalamika eti maji yanatoka kidogo. Mie nawatazama tu. Hapa utosini, mahali nywele zimepungua, ndipo mtungi ulipokaa. Wakati wa Wabelgiji hapa Kasongo, mwanamke aliyeolewa alichota maji ya nyumba yake na ya mama mkwe wake vilevile, na chemchemi yetu ilikuwa bondeni. Kwenda ni kuteremka. Kurudi, na mzigo kichwani, ni kupanda mlima.

Bwana yangu alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake kwenye baraza la duka la Mgriki. Akapata manjanja, yale mabati ya kuezekea, na nyumba yetu ikawa ya kwanza mtaani kuvua majani. Mvua ya kwanza nikasimama mlangoni nikaona maji yanamwagika kutoka paa, mengi, meupe, yanachimba mashimo mbele ya nyumba na kwenda zao. Roho iliniuma.

Nikamwambia, "Tuweke mfereji na pipa. Kata mwanzi mnene, uupasue, utoe vifundo vya ndani, uufunge chini ya paa. Kwetu kijijini, Wamaza, baba yangu alileta maji ya chemchemi namna hiyo mpaka uani."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanzi chini ya manjanja? Ni kama kuvaa koti halafu ujifunge kamba ya mgomba kiunoni! Mie mutu wa mjini."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasema bila kunitazama, "Muke wako anataka maji yamufuate nyumbani kama mbuzi. Haya, wekeni. Mfereji ukileta maji mazuri, sitamutuma tena bondeni. Ukishindwa, atanichotea mtungi wa tatu juu ya ile miwili ya kila siku."

Ikawa hivyo. Shingo yangu yote ikaning'inia kwenye mfereji wa mutu mwingine.

Bwana yangu akaenda sokoni, akarudi na madebe matupu ya mafuta ya mawese. Akayakata, akayakunja, akayaunganisha, na kusema kweli yalinyooka kama mshono wake. Lakini ndani yalikuwa mekundu, mafuta yameganda unene wa ukucha.

"Lete niyasugue na majivu," nikasema.

"Usiguse! Mafuta ndiyo yanakataza kutu. Cherehani yangu naitia mafuta kila juma. Umeiona na kutu?"

Nikarudisha majivu yangu jikoni.

Siku ya Idi mvua ikanyesha alfajiri. Pipa likajaa. Msikiti ulikuwa karibu nasi, na bwana yangu akasimama njiani kuita jirani zake: "Karibuni mutawaze! Maji ya mbinguni, hayajakanyagwa na chura!" Wakaja wanaume kumi na mmoja, kila mmoja na kanzu mpya aliyoshona yeye mwenyewe. Kulikuwa bado na kiza. Wakanawa uso, mikono, wakapaka kichwa, wakaosha miguu. Mmoja nikamsikia anasifu: "Maji haya iko laini sana."

Laini! Mie niko jikoni na wali wangu, nasikia harufu ya mawese na sijafungua chupa.

Jua likawakuta uwanjani wamejipanga safu kwa sala ya Idi. Mikono ya kanzu, rangi ya machungwa. Kola, machungwa. Nyuso zinang'aa kama samaki wa kukaanga. Mwalimu wa msikiti akawatazama na kusema taratibu, "Ninyi kumi na mmoja, nendeni mutawaze upya. Na sabuni."

Wakarudi kwetu wamefura. Kanzu kumi na moja zikatupwa juu ya mkeka, na ya kumi na mbili ilikuwa ya bwana yangu.

"Nani atafua?" mmoja akauliza.

Macho yote kwangu. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakunja mikono. "Mie nilitaka mwanzi."

Nikajua mtungi wa tatu unakuja. Mama mkwe akanitazama, akamtazama mtoto wake, akatazama zile kanzu. "Ni kweli," akasema. "Alisema mwanzi, nilisikia kwa masikio yangu. Wewe baba, mwanangu, beba mtungi."

Bwana yangu akashuka bondeni, siku ya Idi, na mtungi kichwani. Wanawake njiani walimpigia vigelegele kama bibi arusi. Safari ya kwanza akafika na nusu. Ya pili akafika ameloa mpaka magoti. Ya tatu akauliza kama njia hii imekuwa ndefu hivi siku zote. Ya nne hakurudi na maji. Alirudi na mwanzi begani.

Zile kanzu tulizisugua na sabuni na majivu, tukazianika juu ya majani siku tatu, jua likala ile rangi. Mwanzi nikaufunga kwa kuuinamisha kidogo upande wa pipa, na kila kiangazi kikiisha nilipanda mwenyewe kutoa ndani yake majani ya avoka, ule mparachichi wa uani. Mvua ya kwanza niliiacha ioshe paa, imwagike chini. Ya pili ndiyo ya kunywa.

Mvua hiyo ya pili mama mkwe akatokea uani. "Sikuja kwa ajili ya mfereji," akasema. "Nilikuwa napita tu."

Alikuwa anapita na mitungi mitatu mitupu.