Mashuka Arobaini na Matatu ya Ulamila

Ulamila angeweza kulimaliza jambo lote kwa kidole kimoja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mpaka leo nikilikumbuka roho inaniuma, na mimi si mtu wa hasira. Mimi ni mtunza bustani wa hoteli. Nimesoma hadi darasa la nane, na siku nyingi naongea na maua kuliko watu.

Ulamila ni jirani yangu. Tunapanda lori moja la wafanyakazi asubuhi na kushuka pamoja jioni. Alianza kazi ya udobi hotelini miaka ishirini na miwili iliyopita. Bi Lavenia, aliyekuwa msimamizi wa vyumba, alipougua miguu na kurudi kwao mji wa Nadi, Ulamila aliambiwa akaimu kwa mwezi mmoja. Mwezi huo ulichukua miaka mitatu. Kwa miaka mitatu alipanga zamu za wasichana wa vyumba, akakagua vitanda sitini na nane kila siku, akapokea lawama za wageni wote, na kitambulisho kifuani kikaendelea kusema: Dobi.

Kisha hoteli ikauzwa. Wenye mali wapya wako Brisbane, huko Australia, na wakatangaza kwamba nafasi ya msimamizi itajazwa rasmi. Ulamila akafurahi. Alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tangazo lilikuwa na mkia: kila anayeomba lazima awe na wasifu kwenye mtandao wa watu wa kazi, wenye picha yake, mafanikio yake, na ushuhuda wa wenzake watano.

Wakatuletea mwalimu, kijana mwenye viatu vyeupe, akatukusanya kwenye ukumbi wa chakula.

"Kila mmoja wenu ni chapa," akasema. "Jina lako ni bidhaa. Jitangaze."

Waisake, mpishi wetu, akanyoosha mkono. "Chapa kama ile wanayopigwa ng'ombe?"

"Hapana, bwana. Chapa kama ya soda."

"Basi Ulamila aandikwe amekwisha muda."

Watu wakacheka mpaka mwalimu naye akacheka, bila kujua anachochekea. Waisake anatoka visiwani, Ulamila na mimi tunatoka bondeni juu ya mto. Watu wa kisiwa chake na watu wa bonde letu ni watani tangu enzi za mababu. Siku tuliyomzika mama yake Ulamila, Waisake alikuja na nduguze, wakabeba godoro, birika na mikeka miwili mipya, wakaondoka wanaimba. Hakuna aliyesema neno, na ndivyo inavyotakiwa. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, umeaibisha bonde zima.

Artika wa ofisi ya wafanyakazi ndiye aliyekaa na Ulamila kujaza ule wasifu. Ni binti wa mji wa Ba, mpole, anayevumilia. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nakata majani.

"Dada Ula, hapa tuandike mafanikio yako."

"Yapi?"

"Uliyoyafanya."

"Nimefua."

"Ongeza kidogo, dada."

Ulamila akafikiri. "Nimefua na kupiga pasi."

"Dada, Litiana ameandika kurasa mbili."

"Litiana ana miaka miwili hapa. Amepata wapi kurasa mbili?"

Artika akamwonyesha. Litiana ni msichana wa vyumba, hana ubaya, ila simu haimtoki mkononi. Alikuwa amejipiga picha karibu na kitanda chenye taulo mbili zilizokunjwa zikawa bata wenye shingo ndefu, na chini yake ameandika: "Mikono yangu, ndoto zangu." Watu mia mbili walikuwa wamempigia makofi ya mtandaoni. Wale bata walikunjwa na Ulamila. Hakuna mtu mwingine hotelini anayejua kuisimamisha ile shingo.

"Mwambie ukweli basi," Artika akasema. "Andika wewe ndiye uliyewakunja."

"Nijisifu? Mbele ya watu wazima?"

Kwetu mtu hajisifu. Mwenzako ndiye anayekusimamia na kukusemea. Kwa hiyo ushuhuda ulikuwa tumaini lake lote, na Ulamila akatuomba sisi tuliomjua zaidi. Mimi niliandika: "Ulamila anafanya kazi vizuri. Namfahamu." Mtandao ukakataa, ukasema maneno ni machache mno, yasipungue hamsini. Nikaongeza habari za mvua za mwaka ule mpaka yakatimia. Wasichana watatu wa udobi nao wakaandika. Akabaki wa tano, na wa tano akawa Waisake.

Nilisomewa alichokiandika tukiwa tumekaa kuzunguka bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, baada ya kazi:

"Nimefanya kazi na Ulamila miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona akifanya kazi. Mashuka ya hoteli hii ameyaiba yote. Kijiji kizima cha bondeni kwao kinalala kwenye mashuka yetu, na mapazia ya kanisa lao yana alama ya hoteli. Babu zake walishuka mtoni kuja kwetu kuomba chumvi, wakaiba na chungu. Mpeni kazi hiyo upesi, kabla hajaiba vitanda."

Ulamila alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alijifuta kwa pindo la sulu yake, kitambaa alichojifunga kiunoni, akacheka tena. Sasa sikilizeni ninachokasirikia. Ule mtandao hauweki ushuhuda mpaka mwenyewe aukubali. Unauliza: uukubali au uukatae? Ulamila akabonyeza kukubali, mbele yetu sote, na Waisake akapiga kofi moja, kama ilivyo desturi ya kava, na kumkabidhi bakuli. Kwa kipimo cha kwetu, ulikuwa ndio ushuhuda bora kuliko wote. Mtu hamtukani hivyo asiyemheshimu.

Brisbane hawakuwa na watani.

Baada ya wiki mbili Artika alikuja chumba cha udobi, uso umemshuka. Nilikuwa nimepeleka maua ya kuweka vyumbani.

"Dada Ula, wamesoma ule wa Waisake. Wanauliza wizi ulianza lini."

"Wizi gani?"

"Wa mashuka."

Ulamila akaitua pasi. "Hukuwaambia ni utani?"

"Niliwaandikia ukurasa mzima. Wamejibu kwamba kampuni inaheshimu mila zote, na wanaomba nakala ya kanuni ya utani iliyoidhinishwa."

"Imeidhinishwa na nani?"

"Ndilo nililowauliza. Hawajajibu." Artika akasogea, akashusha sauti. "Dada, nipe simu yako. Kuna alama hapa ya kuuficha. Unabonyeza mara moja tu, nao unaondoka. Mahojiano ni Alhamisi."

Ulamila akaitazama ile simu kama mtu aliyepewa nge.

"Nikiuficha, si itakuwa nimekasirika?"

"Nani atajua?"

"Waisake atajua. Kisiwa chao chote kitajua kabla ya chakula cha mchana. Watasema mwanamke wa bondeni amelia kwa sababu ya maneno."

"Dada, ni cheo chako. Miaka mitatu umekaimu."

"Najua nimekaimu muda gani," Ulamila akasema, akachukua pasi.

Nikafanya jambo ambalo si kawaida yangu: nikaenda jikoni mwenyewe kumwona Waisake. Alikuwa anamenya magimbi.

"Ndugu yangu, yafute yale maneno. Atakosa kazi."

"Yeye amekutuma?"

"Hapana."

"Basi hajakasirika. Nifute kwa nini?"

"Au ongeza neno moja zuri chini yake. Sema ni mfanyakazi mzuri."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Eroni, unataka nimsifu mtani wangu hadharani? Nikifa atakuja kwangu kuchukua sufuria kwa uso gani?" Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ataliangalia. Nikarudi kwenye maua yangu nimetulia kidogo.

Aliliangalia kweli. Usiku ule aliongeza ushuhuda wa pili: "Nimeambiwa Brisbane wana wasiwasi. Wasiwe na wasiwasi. Foronya bado zipo chache." Na Ulamila, Mungu anisamehe, akaukubali na huo.

Alhamisi nilikuwa chini ya dirisha la ofisi, napunguza ua ambao ulikuwa umepunguzwa Jumatano. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo mama mmoja wa Brisbane, Bi Meredith, sauti yake ya upole sana. Litiana alikuwa ameshamaliza mahojiano yake na alitoka akitabasamu.

"Ulamila, kuna mfanyakazi mwenzako anayedai unaiba mashuka. Ungependa kutueleza?"

"Huyo ni mtani wangu."

"Anasema uongo?"

Hapo ndipo nilipofumba macho. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Lakini kumwita mtani mwongo mbele ya wageni ni kuvunja utani wenyewe, na Ulamila hakulitoa.

"Anaruhusiwa," akasema.

"Anaruhusiwa kusema uongo?"

"Anaruhusiwa kusema lolote. Na mimi naruhusiwa. Watu wa kisiwani kwao wanauogopa mto. Wakivuka wanafumba macho na kushikana nguo kama watoto. Mwulizeni."

Nikasikia Bi Meredith akiandika kitu.

"Tutahitaji kuyahesabu mashuka," Bi Meredith akasema.

Walituma watu wawili kutoka mji mkuu, Suva. Siku nzima wakafungua makabati, vitoroli, vyumba vyote, wakahesabu na kuhesabu tena. Ulamila aliendelea kupiga pasi katikati yao. Jioni mmoja akamwita Artika pembeni, na Artika akaja mbio kutuambia. Hakuna shuka lililopungua. Yalizidi arobaini na matatu.

Yalizidi kwa sababu shuka likichanika huandikwa kwamba limetupwa, na Ulamila hatupi. Miaka yote hiyo alikuwa anaokota yale yaliyotupwa, anakata palipooza, anaunga pindo kwa pindo, anashona kwa mkono wakati wa mapumziko, na kuyarudisha kabatini. Ukitaka kuona mshono lazima ulishike shuka dhidi ya mwanga. Siku za harusi kubwa, mashine zikikwama na vitanda vyote vinangoja, hayo ndiyo yaliyotuokoa. Nilidhani sasa mambo yamekwisha.

Brisbane wakajibu kwamba ziada nayo ni kasoro, na wakaomba maelezo.

"Waambie niliwaibia mashuka kinyumenyume," Ulamila akamwambia Artika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia amechoka.

Wiki zikapita, nne, kisha tano. Litiana akaanza kuulizwa na wasichana zamu zao, wakidhani cheo kimeshakuwa chake, naye kila mara anawaambia, "Kamuulizeni Dada Ula." Huku nyuma habari ilikuwa imetoka nje ya hoteli. Watu wa kisiwani kwa Waisake walio Suva, walio Lautoka, walio mashamba ya matunda huko Australia, wote wakaingia kwenye wasifu wa Ulamila kuongeza matusi yao. Mmoja akaweka picha ya shuka lililoanikwa akaandika: "Hili hapa, nimelikuta bondeni." Watu wa bonde letu nao wakajibu. Binamu yangu aliye jeshini aliandika mambo ya mto ambayo siwezi kuyarudia. Ulamila kila jioni ndani ya lori alikuwa anasoma na kukubali, kukubali, kukubali, nami nimekaa kando yake natamani kuitupa ile simu barabarani.

"Ula," nikamwambia siku moja, "unakichoma cheo chako mwenyewe."

"Cheo kikija kitanikuta mimi," akasema. "Nikianza kuficha watu wangu, kitamkuta nani?"

Nikaangalia miwa ikipita.

Jibu la Brisbane lilikuja Jumatatu. Artika alilisoma kwa sauti mbele ya chumba cha udobi, akatua katikati, akarudia mstari kuhakikisha. Ulamila amepewa kazi. Sababu ilielezwa vizuri kabisa: katika hoteli zote za kampuni, wasifu wake ndio uliotembelewa na watu wengi zaidi, zaidi ya elfu nne. Kampuni ilimpongeza kwa kujua kujitangaza. Mwezi ujao angewafundisha wenzake wa hoteli nyingine, kwa njia ya video, jinsi ya kujenga chapa yako.

"Na mashuka?" nikauliza.

Artika akageuza karatasi, akaangalia nyuma. "Hawajayataja."

Miaka ishirini na miwili ya kufua, miaka mitatu ya kukaimu, mishono ile yote isiyoonekana. Hawajayataja.

Waisake akatokea mlangoni na aproni yake. "Wamempa? Haya, kwaheri vitanda."

"Funga mlango, upepo wa kisiwani unanuka," Ulamila akamjibu, na hapo ndipo macho yake yalipolowa.

Mwezi uliofuata alifundisha. Nilipita dirishani nikamwona amekaa mbele ya kompyuta, kitambulisho kipya kifuani, na nyuso kumi na mbili zikimngoja kwenye kioo, kalamu mkononi. Walimwuliza siri yake ni nini. Akafikiri kidogo, akasema hana siri. Kisha akainama, akavuta shuka lililochanika kutoka kwenye kikapu kilichokuwa karibu na mguu wake, akatia uzi kwenye sindano, akawaambia waendelee kuuliza, yeye anasikiliza.